Makofi Yaliyoandikwa Mapema

Mwaka wa 1994 kamati ilitoka Nairobi ikaja Nyansiongo kuwauliza wananchi kama serikali ikubali helikopta za kivita kutoka ng'ambo. Mimi, Mwalimu Gladys, niliitwa nitafsiri kwa Ekegusii. Nitafsiri, si kufikiri.

"Ni za bure," alisema mwenyekiti.

Nilitafsiri. Mzee Machogu, mfugaji, akasimama. "Mradi fulani ulinipa ng'ombe wa gredi, wa maziwa mengi, bure, ila chakula na dawa ninunue kwao tu. Sasa nachuma chai ili ng'ombe ale. Hizo ndege, vipuri vyake tutanunua kwa nani?"

Hilo pia nililitafsiri lote. Mwenyekiti alikohoa, kisha akataka wanaounga mkono wapige makofi ya kilo, yale mazito ya mikutano. Nikachungulia daftari la karani aliyekaa kando yangu. Alikuwa ameshaandika: "Wananchi waliunga mkono kwa makofi mengi."

Niliwageukia watu nikasema nao. Uwanja mzima ulitulia, mikono mapajani.

"Umewaambia nini, Mwalimu?"

"Nimewaambia makofi yao mmeshayaandika, mheshimiwa. Hawana haja ya kuyapiga."