Mshale Mwekundu

Baba mkwe wangu ni mtaalamu wa miamba, na kwa bahati yangu, nzuri au mbaya, ndiye bosi wangu pia. Mchoro wa matabaka ya ukanda wetu mzima ni wake: mawe ya tope chini, chokaa yenye makombe juu, kama bahari ya kale ilivyoyatandika. Ameutolea maisha yake, na mchana ule ulikuwa uende kuchapwa.

Asubuhi nikamkuta ghalani, kalamu nyekundu mkononi, ameinamia sanduku la vipande vya mwamba vilivyotolewa kwenye kisima kipya ng'ambo ya mto.

"Nimekosea, mwanangu," akasema. "Ng'ambo ya mto chokaa iko chini ya tope. Mchoro hauendi popote."

"Hauendi wapi? Una kosa gani huo?" Mimi subira sina, hata kwa wakwe. "Hebu sogea, Baba."

Akasogea huku akicheka. "Mumeo ana kazi huko nyumbani."

Nikalowesha kipande kimoja kwa maji, vitundu vya minyoo wa bahari ile vikajitokeza. Mnyoo huchimba kutoka juu kwenda chini. Hapa midomo ya vitundu vyote ilitazama chini. Nikalowesha kingine, na kingine. Sanduku zima lilikuwa kichwa chini miguu juu.

"Matabaka yako yako palepale, Baba. Vipande ndivyo vimepangwa kinyume." Nilifurahi nikataka kumkumbatia, mkwe au si mkwe. "Nani kavipanga hivi? Nikimpata atanitambua."

"Nimevipanga mwenyewe jana."

"Lakini si kuna..." Nikageuza kipande. Wachimbaji huchora mshale mwekundu kwenye kila kipande, kuonyesha juu ni wapi. Ulikuwepo. Nikageuza vingine, navyo vilikuwa nao.

Akanyoosha mkono. Nikampa kipande, akakisogeza karibu na uso, kisha akaanza kukipapasa.

"Mshale ni mdogo?" akauliza.

Uongo ulinifika mdomoni. Roho iliniuma. "Mkubwa, Baba. Kama kidole changu."

Akainua kalamu. "Na hii ni rangi gani?"

"Nyekundu."

"Mimi naiona nyeusi." Akaifunika, akanikabidhi. "Mchoro upeleke wewe. Ila kwanza nishike mkono. Pale mlangoni pana ngazi."

Tangu niolewe sijawahi kumgusa baba mkwe wangu. Nikamshika mkono, tukatoka polepole.