Kipimo Alichokikana Shangazi

Siku redio ilipotangaza kwamba kila mwenye laini ya simu atatakiwa kuisajili upya kwa kupigwa picha ya uso, Shangazi alisimamisha cherehani katikati ya mshono, jambo ambalo hakulifanya hata kwa habari za misiba.

"Uso wangu?" aliiuliza redio. "Uso niliopewa na mama yangu, niwape wakauweke kwenye makabati yao?"

Redio ikaendelea na bei ya mafuta. Lakini benchi lilikuwa tayari kumjibu, maana benchi lile halikukosa la kusema hata siku moja. Lilitengenezwa kwa ajili ya wateja, ila wateja walilipata kwa bahati, kwa sababu lilikuwa na wenyewe. Upande wa mlangoni alikaa Mzee Posta, aliyesambaza barua mtaa hadi mtaa mpaka watu wakaacha kuandikiana, ndipo akastaafu. Upande wa pili alikaa Fundi Simu, jirani wa ukuta kwa ukuta, mtu mwenye kazi nyingi mno, na labda ndiyo maana hakukaa dukani kwake zikamkuta.

"Kama huna cha kuficha, unaogopa nini?" Mzee Posta akasema. Ndivyo alivyosema juu ya kila sera. Pensheni yake ilitoka serikalini, na aliona si adabu kuibishia serikali kabla ya tarehe ya malipo.

"Wewe ukienda chooni hufungi mlango?" Shangazi akamuuliza.

"Nafunga."

"Unaficha nini ambacho hatukijui?"

Fundi Simu alicheka mpaka chai ikamwagikia suruali. Alipojifuta, naye akatoa yake. Alikuwa amesoma kwamba siku hizi kuna programu zinamjua mtu kuliko mama mzazi. Mwanamke akitafuta viatu vipana na dawa ya kichefuchefu, simu inajua ana mimba kabla mumewe hajaambiwa, inaanza kumwonyesha vitanda vya watoto. Amesoma wapi, hakusema. Kwa Fundi Simu, kusoma maana yake ni kusoma kichwa cha habari na kuimalizia mwenyewe.

"Huo ni umbea," Shangazi akakata shauri. "Umbea wa mitambo. Mambo ya mtu yakae tumboni mwake mpaka mwenyewe apende kuyatoa."

Na alimaanisha. Simu yake mwenyewe aliiziba kamera kwa kipande cha bitana nyeusi alichokibandika kwa gundi, akatangaza kwamba anayetaka kumwona aje dukani.

Sasa tumtendee haki. Hapakuwa na fundi wa kumfikia mtaani hapo. Nguo yake ilimkaa mtu kama alizaliwa nayo, na haikuwahi kurudishwa ikafumuliwe kwa sababu ya kipimo. Vipimo hakuviandika popote. Aliviweka kichwani, vya watu wote, vya miaka yote, na kanuni yake ilikuwa moja: namba isiyotamkwa haikai. Kwa hiyo alipima kwa sauti. "Mabega!" na namba yake. "Kifua!" na namba yake. "Nyonga!" na hapo wanaume wa benchi wakatazama barabara kwa heshima, masikio wameyaacha ndani. Mzee Posta aliweza kukutajia viuno vya nusu ya mtaa bila kukusudia. Wenyeji walikwisha kuzoea, na hakuna aliyewahi kujiuliza, Shangazi akiwemo, kama jambo hilo nalo linahitaji sera.

Basi mjadala ukiwa umepamba moto, akaingia Binti. Alikuwa mtoto wa marehemu kaka yake. Shangazi alimlea tangu akiwa wa kubebwa, akamsomesha, akamwoza, na sasa alikuwa akifanya kazi dirishani benki. Mkononi alishika sketi ya sare, imekunjwa ndogo.

"Shikamoo Shangazi. Shikamooni wazee."

"Marahaba mwanangu. Mbona saa za kazi?"

"Nimeomba ruhusa kidogo. Hii sketi imerudi baada ya kufuliwa, inanibana. Niongezee tu kidogo pembeni, nitaipitia kesho." Akaiweka mezani, akageuka kuondoka.

"Niongeze kiasi gani, nipige ramli? Simama hapo."

"Kiasi chochote, Shangazi. Kadiria tu."

Kumwambia fundi yule akadirie ni sawa na kumwambia rubani afumbe macho. Futi ilikuwa imeshamzunguka Binti kabla hajamaliza kusema.

"Kiuno!" Shangazi akaita. "Thelathini na moja na nusu!"

"Mara ya mwisho ilikuwa ishirini na tisa," Mzee Posta akasema kutoka mlangoni, kwa nia njema kabisa.

Shangazi akaitazama namba. Akaitazama sketi. Kisha akamtazama Binti usoni, na Binti akatikisa kichwa kidogo sana, mtikisiko wa kumwomba mtu. Mwingine angeuelewa. Lakini furaha ilikwisha kumpanda Shangazi hadi kooni, na furaha ikishafika hapo kwake hairudi chini.

"Sketi hurudi, kiuno hakirudi!" akapiga kelele. "Jamani, nitaitwa bibi!" Na vigelegele vikafuata, vile vyake vya kusikika mpaka kituo cha mafuta.

Benchi zima likasimama. Mzee Posta akatoa baraka. Fundi Simu, ambaye vidole vyake hutangulia akili, akawa ameshatuma hongera kwenye kundi la simu la mtaa, na picha ya maua juu yake. Katika shangwe hiyo hakuna aliyemwona Binti akichukua sketi yake mezani na kutoka. Jioni hiyo mama mkwe wa Binti alifika kwake na vitambaa vya kubebea mtoto. Kesho yake meneja wa benki akampa pole na hongera mbele ya foleni.

Shangazi alimpigia simu siku hiyo, hakupokea. Akapiga tena, hakupokea. "Uchovu wa mimba," akaliambia benchi, lakini alikata kola ya shati upande mmoja mrefu na mwingine mfupi, na roho haikumtulia. Jumapili akajifunga mtandio, akaenda.

Binti alimfungulia mlango. Adabu aliyolelewa nayo haikumruhusu kumwacha nje. Alimpa kiti, akampa maji, akakaa mbali.

"Umenikasirikia, mwanangu?"

"Sijakasirika, Shangazi. Naogopa."

"Unaogopa nini, na Mungu amejalia?"

Binti alikuwa akikunja pindo la gauni lake na kulikunjua. "Mimba ya kwanza ilipoharibika, wewe unakumbuka. Walikuwa wanajua watu wachache tu, na ilinibidi niwaambie mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alilia, na kila mmoja nikambembeleza mimi. Ya pili ilipoharibika alijua mume wangu peke yake. Nililia nikamaliza, nikarudi kazini."

"Ya pili?" Shangazi akauliza. "Ya pili ipi?"

"Hukuijua."

"Hukuniambia mimi?"

"Sikukuambia wewe."

Hakukuwa na ukali katika maneno hayo, na ndiyo maana yalimwingia Shangazi mpaka mfupani. Huyu ni mtoto ambaye yeye ndiye alimfundisha kutembea. Alikuwa amebeba msiba yeye na mumewe tu, na mtu ambaye Binti aliogopa zaidi asijue ni Shangazi.

"Sasa anajua mlinzi wa benki," Binti akaendelea. "Anajua muuza maji. Kuna watu hata siwajui wananishika tumbo njiani. Hii ikiharibika nayo, Shangazi, nitaanza kumwambia nani?" Akafuta macho kwa kiganja. "Unaisema serikali kila siku. Serikali ingejua, angalau isingepiga vigelegele."

Shangazi akanywa maji yote, akaona aibu kama mtu aliyevuliwa nguo sokoni. Alipoaga hakuomba hata radhi, kwa kuwa aliona radhi ni maneno, na maneno ndiyo yaliyowafikisha hapo.

Njiani alifikiri. Neno likishatoka halirudi, hilo hata mtoto analijua. Lakini linaweza kuharibiwa sifa. Na duniani kulikuwa na kitu kimoja tu cha kuliharibu neno lile, nacho kilikuwa sifa yake mwenyewe.

Jumatatu alifungua duka mapema, akangoja benchi lijae.

"Nina jambo," akasema akiwa amesimama. "Ile siku nilipima vibaya. Futi ilishika juu ya kanzu na mkoba, nikasoma namba ya uongo. Nimekwenda kupima upya. Mtoto hana kitu tumboni. Sketi ilirudi kwa sabuni."

Mzee Posta akavua miwani. Binti hakuwa amevaa kanzu siku hiyo, wala mkoba, na mzee yule hakuwa kipofu. "Wewe umepima vibaya?"

"Nimepima vibaya."

"Wewe?"

"Nimezeeka, Mzee. Unataka niandike?"

Mzee Posta akavaa miwani yake polepole. "Basi umekosea," akasema. "Fundi, watangazie watu huko kwenye simu yako kwamba amekosea."

Fundi Simu akatuma, safari hii bila maua.

Shangazi hakuishia hapo. Alipita kwa muuza maji, akasema amekosea. Akapita kwa mlinzi wa benki. Akaenda kwa mama mkwe wa Binti, mwanamke wa maneno makavu, akasimama sebuleni kwake kama mwanafunzi aliyefeli, akasema amekosea, na mkwe akamjibu kwamba fundi asiyejua kiuno cha mwanawe aache vya watu. Shangazi akasema ni kweli kabisa. Alirudi dukani, akageuzia uso ukutani, akalia kidogo kwa ajili ya jina lake, kisha akawasha pasi.

Habari njema huenda kwa miguu, mbaya hupanda pikipiki. Kabla wiki haijaisha, bibi harusi mmoja alikuja kuchukua kitambaa chake akampelekee fundi wa ng'ambo ya barabara. Mwalimu mkuu aliyeagiza suti akaomba apimwe tena, na alipopimwa akaomba aione futi kwa macho yake. Watoto wa shule wakapita mlangoni wakiitana, "Kiuno! Mia moja na nusu!" Shangazi aliwaacha. Alimpima mwalimu mkuu kwa kunong'ona, na kwa kuwa namba iliyonong'onwa ilitaka kumtoroka, aliirudia moyoni mpaka akaikata suti, na suti ikamkaa.

Binti hakupiga simu. Hongera zilikoma, mikono ya njiani ikatulia, ila Binti hakupiga, na Shangazi hakumlaumu. Kila asubuhi alipobonyeza cherehani alimwombea, kimoyomoyo.

Ikapita kama miezi miwili. Mchana mmoja, redio ikisema serikali imesogeza mbele ule usajili wa nyuso, na Mzee Posta akieleza kwa nini hata kusogeza mbele ni hekima, Binti akaingia. Alivaa gauni pana. Akaamkia benchi, akapita moja kwa moja hadi nyuma ya meza ya kukatia, akainama kwenye sikio la Shangazi.

"Jana tumesikia moyo unapiga," akanong'ona. "Unapiga kwa nguvu. Mtoto amepita pale wenzake walipoishia. Watu nitawaambia mwenyewe nikiwa tayari. Wewe nimekuja kukuambia leo, kwa sababu nimetaka ujue."

Akambusu shavuni, akatoka kurudi kazini.

Fundi Simu alipunguza sauti ya redio.

"Amesema nini?" Mzee Posta akauliza.

Kigelegele kilikwisha kufika kwenye ulimi wa Shangazi, kikigonga meno kitoke. Macho yalimjaa machozi. Akakipapasa kikebe cha pini mezani, akachukua pini moja akaibana kwa midomo, akachukua nyingine, na nyingine, mpaka mdomo ukawa hauna pa kufungukia. Kitambaa kilichokuwa mbele yake kilikuwa pazia lililokwisha kushonwa, lisilohitaji pini hata moja. Akaliinamia hivyo hivyo, akaanza kulipima.