Neno Sauti Limeshajaa

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi, bendi ya muziki mzito wa metali iitwayo Kutu ilikuwa imeketi juu ya godoro la futi tano ikisubiri mteja aondoke. Studio yao ilikuwa chumba cha nyuma cha duka la magodoro. Hilo liliwapunguzia kazi ya kuzuia mwangwi, maana kuta zote zilikuwa zimeegemezewa bidhaa, lakini mwenye duka alikuwa na sharti moja: mteja akiwa anajaribu godoro, ni marufuku hata kupiga mluzi. Mteja wa asubuhi ile alilala chali, akageukia ubavu, akapitiwa na usingizi. Kutu, ambayo nyimbo zake zote zilisemekana kuwa zinahusu maangamizi, ilinong'ona kwa dakika arobaini isije ikamwamsha.

Jina Kutu lilichaguliwa kwa sababu ni fupi na lilienea mgongoni mwa fulana ya saizi yoyote. Mwimbaji waliyemwita Radi alikuwa mtu mpole mwenye kikohozi, ila akishika maikrofoni alinguruma kama lori linalopanda mlima kwa gia isiyo yake. Mpiga ngoma aliitwa Ngumi. Mpiga gita ndiye aliyekuwa kiongozi, kwa kuwa spika zilikuwa zake. Mdogo wake wa kike, tumbo moja, alipiga besi, akaandika maneno ya nyimbo zote, akashona fulana na kuzibeba hizo spika. Alikuwa na miaka ishirini na sita, mdogo kuliko wote, nao walimwita Shangazi, kwa sababu mkobani mwake hamkukosekana sindano, uzi na dawa ya kikohozi.

Mteja alipoamka na kuondoka bila kununua, Fundi wa kurekodi alibonyeza kitufe. Radi akaingia kwenye kona yake akanguruma "Lango la Saba" mwanzo hadi mwisho, mishipa ya shingo imemtoka. Kisha wote wakakaa kusikiliza.

Kwenye spika ikatoka sauti ya Shangazi. Haikunguruma. Ilitamka kila silabi mahali pake, kama mtu anayesoma tangazo la msiba redioni:

*Nilibeba spika ngazi nne, ninyi mkabeba sifa.*
*Nilishona weusi wenu kwa uzi mweusi, macho yakaniuma.*
*Mlangoni nikaulizwa: na wewe umemsindikiza nani?*

Walisikiliza mpaka mwisho.

"Kumbe huu wimbo una maneno," alisema Ngumi.

"Wewe ulidhani una nini?" aliuliza Shangazi.

"Hasira."

"Na miaka sita yote ulidhani unahusu nini?"

"Kuzimu. Si unaitwa Lango la Saba?"

"Lango la saba la ukumbi wa michezo. Pale mlinzi aliponizuia, ninyi mkapita mkaniacha na ngoma zako."

"Aa," alisema Ngumi. "Siku ile. Kweli tulikutafuta."

"Mlizitafuta ngoma."

Fundi alibadilisha maikrofoni, akabadilisha waya, akapuliza vumbi. Radi akanguruma upya, na sauti ikatoka ileile, safari hii ikiwa na chafya katikati, kwa kuwa Shangazi alikuwa amepiga chafya. Wakamtuma akanunue plagi mtaa wa pili ili wajaribu asipokuwepo. Ubeti uliorekodiwa wakati huo ulitoka na honi za magari na mtu akiuliza kama plagi ina dhamana.

Fundi alikuwa amerekodi kwaya, matangazo ya bima na bwana mmoja ambaye sauti yake ilikuwa ikichelewa kufika kwa siku nzima. Hitilafu hii aliijua.

"Sauti imemfuata mwenye maneno," alisema. "Ikishamfuata hairudi. Dawa yake ni kumweka mwenyewe mahali pa kimya."

Hivyo Shangazi alikaa stoo, katikati ya magodoro yaliyoviringishwa, tangu saa nne hadi saa kumi na moja, mdomo ameufumba, na Radi akanguruma nyimbo tatu. Zote zilitoka safi, kwa sauti ya Shangazi. Radi mwenyewe alisema hajawahi kuimba vizuri namna ile.

Jumanne, wakati wa chai, Shangazi alimwendea kaka yake.

"Kaka, jalada linaenda kwa mchapaji Ijumaa. Niandike."

"Umeandikwa. Besi, Shangazi."

"Shangazi si jina langu. Jina langu unalijua, wewe ndiye uliyefundishwa kulitamka wakati mimi bado nanyonya. Kwenye maneno mmemwandika nani?"

"Maneno ni ya bendi. Kwani wewe si bendi?"

"Na sauti?"

Kaka alijikuna kidevu. Alikuwa na daftari mkononi na alitaka kuwa mtu wa haki. "Tazama. Sauti, Radi, hiyo ni ya mdomo. Halafu Sauti, Fundi, hiyo ni ya mashine. Neno sauti limeshajaa, mdogo wangu. Tukikutia na wewe humo, watu watauliza ni ya nani hasa."

"Waulize."

"Ndilo hilo tunalolikwepa."

Radi, ambaye hakupenda ugomvi, alipendekeza aandikwe Mwangwi. Alisema ni neno zuri na linatisha kidogo.

"Mwangwi ni wewe," Shangazi alimwambia.

Radi alikuwa akinywa dawa ya kikohozi kutoka mkobani mwa Shangazi.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema Kaka akifunga daftari.

"Sawa, vidole ni vitano. Lakini pete mmekivisha kimoja."

Jumatano Shangazi hakwenda stoo. Alikwenda mtaa wa tatu, kwenye karakana ya kuchomelea mageti, akachagua mahali penye fujo kuliko pote, kati ya mashine ya kusaga vyuma na baba mmoja aliyenyoosha bati nene kwa nyundo. Nia yake ilikuwa moja: albamu iharibike mpaka jina lake liandikwe.

"Dada, umeleta kazi?" baba wa nyundo aliuliza.

"Sikuleta. Nimegoma. Naomba pa kukaa."

"Kaa hapo kwenye ndoo. Ila moto usiutazame, utaumwa macho."

"Yamezoea."

Studioni, Radi akanguruma. Kwenye spika ikatoka sauti ya Shangazi, na nyuma yake nyundo, na msumeno ukipiga yowe, na bati likianguka sakafuni, na mtu akipaza sauti, "Lete msasa!" Fundi alivua vifaa vya masikioni, akavitazama, akavivaa tena. Kaka alisimama juu ya godoro na viatu vyake.

"Hapo sasa!" alisema. "Hapo sasa!"

Miaka sita Kutu ilikuwa ikiitafuta sauti ya chuma. Walikuwa wameitafuta kwa vidude vya kukanyaga kwa mguu, kwa nyaya za bei mbaya, na mara moja kwa kupiga sufuria ya mama yao mpaka ikatoboka. Haikuwa imempitikia yeyote kwamba ingepatikana penye chuma.

Ngumi alitumwa karakana na chupa ya chai.

"Kaka yako anakusalimu," alisema. "Anaomba usitoke hapa. Na kama haikusumbui, usogee kidogo kwa yule wa nyundo kubwa."

"Ngumi, mimi nimegoma."

"Anajua. Anasema ugome hivihivi mpaka kesho jioni."

Shangazi alikaa juu ya ndoo akilipima jambo lile. Akirudi kwenye ukimya, wanapata albamu nzuri. Akibaki kwenye kelele, wanapata iliyo bora zaidi. Njia ya tatu ilikuwa kuacha kuandika, na hiyo aliifuata kwa moyo wote kuanzia saa sita mchana hadi saa saba kasoro robo, ambapo wimbo wa tisa ulimjia kichwani ukiwa mzima, na kichwa chake. Aliazima chaki ya kupimia akauandika kwenye geti la mtu. Baba wa nyundo aliusoma, akasema una ukweli, akaomba usifutwe mpaka mwenye geti auone. Alhamisi Radi alinguruma wimbo huohuo.

Ijumaa asubuhi Kaka alimletea Shangazi karatasi ya jalada.

"Ipitie makosa," alisema. "Sisi wengine si unajua tunavyoandika."

Aliipitia. Alirekebisha "shukurani kwa wote walio tusaidia," akaunganisha "waliotusaidia." Mafundi wa karakana walikuwa wameshukuriwa wote saba, kila mmoja kwa jina lake na la baba yake. Kwenye "Maneno na sauti" alikata "Bendi" na "Radi" kwa mstari mmoja ulionyooka, akaandika majina yake yote matatu, kwa wino na kwa mwandiko wa kusomeka.

Saa sita mchapaji alimpigia Kaka simu.

"Hapa kuna jina la mwanamke. Ni nani huyu?"

Kaka alifikiri. "Lifute," alisema. "Ni la msahihishaji."

Jalada lilitoka bila kosa hata moja.

Uzinduzi ulifanyika Jumamosi ya wiki iliyofuata, saa kumi alasiri, kwenye ukumbi wa shule. Radi alifungua mdomo na sauti ya Shangazi ikajaza ukumbi. Shangazi mwenyewe alisimama hatua mbili nyuma yake akipiga besi, midomo ameibana. Nyimbo zilikuwa zimeshazunguka kwenye simu wiki nzima, na watu walikuwa wameyashika maneno yote. Wasichana wa mbele waliimba kuhusu ngazi nne na uzi mweusi huku wakitokwa na machozi, na kila ubeti ulipoisha walipaza sauti, "Radi! Radi!"

Baadaye binti mmoja alipanda jukwaani.

"Radi, yaani umeniandika mimi," alisema. "Mimi mwenyewe kabisa."

Radi alishukuru. Alisema maneno yale yametoka moyoni. Hakusema mwa nani, na binti hakuuliza. Bendi ikajipanga kwa picha, binti katikati, Kaka amemshika Radi bega. Binti akatazama huku na huku, akamkabidhi Shangazi simu.

"Dada, samahani, utupige picha?"

Shangazi alirudi nyuma hatua tatu, mgongo kwenye dirisha lenye jua, akahesabu. Moja, mbili, tatu zilisikika kwenye spika nyuma yao, ingawa Fundi alikuwa ameshazima mashine na kukunja nyaya. Kwenye tatu wote wakatabasamu.

Binti aliichunguza picha. "Imetoka poa," alisema. "Ila kivuli chako kimeingia hapa chini."

"Nipige nyingine?"

"Wala usijali, dada. Nitakikata."