Jina la Harufu ya Mvua

Mvua ya kwanza ya Novemba ilimkuta Aurelia kwenye machimbo ya mawe nyuma ya mtaa wa Mfaranyaki, amekalia gunia, anaponda kokoto. Matone ya mwanzo yalipoanguka, ule mwamba mkubwa ulioporomoka mwezi Machi ukaanza kutoka damu. Haikuwa nyekundu. Ilikuwa na rangi ya asali, nayo ilinukia udongo mkavu ulionyeshewa, harufu nzito hata waendesha bodaboda wakazima injini ili wavute pumzi vizuri.

Chini ya mwamba huo alikuwemo mumewe, Athanasi. Mwenye machimbo alisema ataleta katapila mvua zikikatika. Zikakatika, kiangazi kikaja kikaisha, na katapila halikuonekana. Aurelia hakutaka makuu. Alitaka Athanasi alale kwao Namtumbo, kando ya kaburi la mama yake.

Akaweka kiganja kwenye ufa. Damu ilikuwa vuguvugu, ikija kwa mapigo, taratibu, vile vile Athanasi alivyokuwa akigonga nyundo. Akafanya ishara ya msalaba. Sasa alijua mahali hasa pa kuchimba.

Mwalimu Evaline, aliyehamia kutoka Mwanza kufundisha Kiingereza, alishuka kutazama.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwalimu. Hii kitu mnaiitaje huko kwenye vitabu?"

"Harufu hii Kiingereza wanaiita petrichor. Ni Kigiriki: petra ni mwamba, ichor ni damu ya miungu. Wataalamu wa Australia ndio walioyaunganisha maneno hayo, miaka ya sitini. Nilidhani wanapamba lugha tu."

"Hapana," Aurelia alisema. "Waliona."

Jioni akaja Derick, afisa mkaguzi wa machimbo. Alichovya kidole, akanusa, akafumba macho kitambo kirefu. Kisha akamwomba mwalimu amtajie herufi moja moja, akaandika kwenye fomu: *Petrichor. Hali ya kawaida.* Ofisini kwao, jambo likishapata jina la Kiingereza huwa limeshughulikiwa.

"Na katapila?" Aurelia aliuliza.

"Mama, fomu imeshajaa."

"Basi niambie, lipo neno la Kiingereza la mtu aliyeachwa chini ya jiwe?"

Derick alifikiri kwa dhati, maana hakuwa mtu mbaya. Akamtazama mwalimu. Mwalimu akatikisa kichwa.

"Hilo bado hawajalitunga," Derick alisema, akawasha pikipiki.

Mvua ilizidi. Aurelia aliegemeza shavu kwenye mwamba, nao ukaendelea kupiga mapigo yale yale ya nyundo.