Ndama Aliyemuulizia Lilian

Esnath alikaa kwenye kiti cha plastiki katika chumba cha kutolea damu, mkono wa kushoto umenyooshwa, ngumi akiikunja na kuikunjua kama alivyoelekezwa. Nje mvua ya Tukuyu ilikuwa inanyesha bila haraka, kama mgeni aliyekuja kushinda. Binti yake, Lilian, alikuwa wodi ya wazazi, ng'ambo ya kibaraza. Alfajiri alikuwa amejifungua mtoto wa kike, mzima kabisa, ila tangu hapo damu ilikuwa haikatiki.

"Hii inakwenda kwa Lilian," Esnath alisema.

"Moja kwa moja, mama," alijibu Rahma, binti wa maabara, mtoto wa fundi cherehani wa Ibighi. Akampa soda na biskuti, kisha akauweka ule mfuko wa damu kwenye boksi la baridi karibu na mlango.

Esnath aliutazama ukiingia bado una moto wa mwili wake. Akauambia kimoyomoyo, kwa Kinyakyusa, uende ukamponye mwanawe.

Mchana daktari alitoka akasema damu ile imeharibika, wanasubiri nyingine kutoka Mbeya. Ilifika jioni, Lilian akiwa amekwisha kufunikwa shuka.

Esnath alirudi kijijini kwake, Isongole, na maiti na kichanga. Akazika. Mtoto akamwita Tulia, akamlea kwa maziwa ya kununua na, alipofikia umri wa kula, kwa uji. Watu walimwambia kazi ya Mungu haina makosa, naye akakubali, kwa kuwa damu ni kama maziwa, huharibika.

Tulia alipoanza kusimama dede, alikuja ndama. Esnath alikuwa anapalilia viazi. Ndama alipita juu ya matuta bila kukanyaga mche hata mmoja, jike, mwekundu, ana hereni ya njano sikioni. Hereni zile zilijulikana: ni za shamba la utafiti lililo chini ya Mlima Rungwe, ambako wataalamu walikuwa wanachanganya vinasaba ili wapate ng'ombe wasiougua ndigana, homa ya kupe.

"Mwagonile," ndama alisalimia. "Lilian alipona?"

Ilikuwa sauti ya Esnath mwenyewe, ileile anayoimbia kwaya.

Esnath aliitikia salamu, akaegemea jembe. "Lilian umemjuaje?"

"Si ulinituma kwake? Nikapakiwa kwenye gari, nikatiwa humu. Nimetafuta njia mpaka nimeipata. Alipona?"

Kwamba ndama anasema, Esnath hakushangaa sana. Ng'ombe wa kisasa huja na tabia zao. Lakini kusikia kwamba damu haikuharibika kulimkata maini. Jembe lilimponyoka. Alikaa chini kwenye udongo wa maji mpaka Tulia alipoanza kulia nyumbani. Ndama naye akasimama karibu yake, akingoja jibu kwa adabu.

Kesho yake alimbeba Tulia mgongoni, akamfunga ndama kamba, wakateremka mpaka mjini. Njiani watu walimsalimia, ndama akaitikia. Rahma aliwaona kutoka dirishani akatoka nje, akaisoma hereni, akainamisha macho.

"Mama Lilian, siku ile gari la mradi lilikuja. Walikuwa wanataka damu ya mtu, mbichi, siku hiyohiyo. Mkubwa akasema wapewe boksi la mlangoni."

"Ukijua ni ya mwanangu?"

"Nilijua."

"Mbona mliniambia imeharibika?"

"Ndivyo nilivyoambiwa niseme." Rahma alianza kulia, lakini taratibu, kwa sababu zamu yake ilikuwa haijaisha.

Mkubwa wake alimkaribisha Esnath ofisini, akampa pole, akasema suala la damu iliyokwisha kutoka getini ni la mradi. Esnath akaenda kwenye mradi. Huko Daktari Hasheem, mkuu wa utafiti, mtu mpole mwenye mabuti safi, alimwagizia chai. Alimpapasa ndama shingoni kwa furaha ya kumpata.

"Huyu ndiye pekee aliyepona ndigana bila sindano," alisema. "Wenzake wote tuliwafukia. Kumbe damu ni yako! Tumekutafuta, mama. Ungekubali kutoa tena?"

"Daktari, mtu alikufa."

"Nasikitika sana. Hilo sasa ni la hospitali."

Alisema hivyo kwa upole, na chai ilikuwa na maziwa mengi. Esnath aliiacha. Mfanyakazi alikuja kuichukua kamba, kwa kuwa ndama alikuwa mali ya mradi, na ndama akageuza shingo.

"Hujanijibu," alisema. "Alipona?"

Esnath alimshika taya zote mbili, kama ashikwavyo mtoto anayepewa dawa. "Alikufa. Alikungoja mpaka akafa."

Ndama akalala chini palepale mlangoni pa ofisi, akasusa majani, akasusa na maji. Alipoanza kutoka mbavu, Daktari Hasheem alipanda bodaboda mpaka Isongole.

"Mama, njoo umwambie vingine. Mfugaji anajua, mnyama akivunjika moyo amekwisha."

"Nimwambie nini?"

"Kwamba alipona. Neno moja tu."

"Neno hilo mngelisema ninyi siku ile, kwa damu," Esnath alijibu, akaingia ndani, akafunga mlango.

Basi wakalisema wenyewe. Daktari Hasheem alimtafuta mama mmoja wa Kiwira mwenye sauti nzito, akamvika kanga, akamweka mbele ya ndama. "Kulikuwa na makosa," yule mama alisema. "Lilian amepona." Ndama akainuka, akanywa ndoo nzima. Akakua, na vinasaba vyake vikagawanywa kwa wenzake. Kila aliyezaliwa alikuwa mzima, mwenye maziwa mengi, na kila asubuhi aliuliza swali lilelile, kwa sauti ileile, kabla ya kuachia maziwa. Wafugaji waliokabidhiwa mitamba hiyo walifundishwa la kujibu, sawa na walivyofundishwa kuosha chuchu kwa maji ya vuguvugu. Asiyejibu hukamua patupu.

Ambindwile, jirani yake Esnath wa upande wa migomba, alipata mmoja. Alikuja kwanza kuomba radhi.

"Dada, sauti ni yako. Ukisema nimrudishe, nitamrudisha."

Esnath aliwafikiria wajukuu wa Ambindwile, ambao hawakuwa wamewahi kuwa na maziwa yao. "Mwache," alisema.

Tangu hapo akawa anaisikia sauti yake kila kunapokucha, ng'ambo ya ua, ikiuliza kama Lilian alipona, na Ambindwile akimjibu, kichwa kikiwa ubavuni mwa ng'ombe: "Amepona, mama. Tulia." Kisha maziwa yanalia ndooni. Mara ya kwanza aliacha moto ukazimika. Baadaye aliendelea kukoka moto.

Hospitalini Rahma alihamishwa. Gari la mradi liliendelea kuja.

Asubuhi moja Tulia, ambaye sasa alikuwa amekaribia umri wa shule na anaongea kila kitu, alisimama uani akisikiliza.

"Bibi, Lilian ni nani?"

"Ni mama yako."

Mtoto alitafakari. Ng'ambo ya ua jibu lilikuwa linatolewa, kwamba amepona, kwa sauti ya kubembeleza, kama kila siku. Uso wake ukachanua. Akaingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la kanisani, akaenda kukaa kwenye jiwe la njiani, pale bodaboda zinapopandia kutoka mjini.