Wanaume Watatu wa Ukurasa wa Tisa

Kanisani kwao ushuhuda hauchapwi kitabu mpaka usomwe mbele ya mtu aliyeyaona mambo kwa macho yake, naye aseme, "Ndivyo." Basi fundi wa kuchomelea vyuma alimleta dada yake mkubwa karakanani asubuhi, akampangusia kiti, akaanza kusoma. Mchungaji aliketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Fundi alijianika bila kigugumizi: ulevi, wizi wa nyaya, uzinzi. Mchungaji alifumba macho kwa raha. Ukurasa wa tisa, pombe ilimpanda kichwani, akachukua nondo, akawapiga wanaume watatu mpaka mmoja akatema meno.

"Walikuwa wakubwa?" dada aliuliza.

"Mapande ya watu."

"Basi nimekonda sana, mdogo wangu." Alifungua kinywa. Upande wa kushoto ulikuwa ufizi mtupu. "Hao watatu ni mimi. Nilikunyima ufunguo wa stoo."

Mchungaji alifumbua macho.

"Dada, mengine ni ya nyumbani," fundi alisema.

"Wizi umeuanika. Kupiga wanaume ni sifa, hiyo nayo umeianika. Soma ulivyonipiga mimi."

Fundi aliyakumbuka yote. Pigo la kwanza begani, la pili tayani, likalia kama kuni kavu. Dada alitambaa uvunguni mwa kitanda. Yeye alimvuta kwa mguu, akaendelea, maana dada alikuwa amenyamaza na ukimya ule ulimuudhi.

"Sema ndivyo, tumalize," fundi alisema.

"Sisemi."

Damu ilimchemka fundi. Aliliona taya lile lile, akaona na mahali pa kupiga. Mchungaji aliruka, ndoo ikabiringika. Ndipo fundi alipoutazama mkono wake: ulikuwa na nyundo, umeinuka juu ya bega. Dada alikuwa amejikunja kitini, magoti kifuani, viganja juu ya taya, kama mtu anayeijua kazi.

Nyundo ilianguka sakafuni.

Alitafuta kalamu, akawafuta wanaume watatu. Akaandika: dada yangu, nondo, ufunguo, mapigo manne, la mwisho akiwa chini. Kisha akaongeza: leo, miaka kumi na moja baada ya kuokoka, nimemwinulia nyundo.

Akasoma kwa sauti.

"Matano," dada alisema kutoka nyuma ya viganja.

Alikata manne, akaandika matano.

"Ndivyo," dada akasema, na miguu hakuishusha.