Mgongo wa Marehemu

Gunia la viazi likishonwa kwa haki, mdomo wake hukaa bapa. Yaliyoshuka asubuhi ile kutoka Makete yalikuwa na vichwa: juu ya kila gunia kilo nyingine arobaini zimelundikwa, zikazungushiwa kamba ya katani. Lumbesa. Mwenye mali analipa ushuru wa gunia moja, na mbebaji anapata ujira wa gunia moja. Kilichozidi kinalipwa na shingo.

Tunu alikaa na sufuria lake la uji langoni mwa soko la Kwamchanga, Mbagala, akitazama miguu tu. Juu hakupenda kutazama. Kuanzia magotini kushuka chini alimjua kila mbebaji: Leonardi, mkubwa wao, kwa kisigino chake kilichopasuka, Salumu, mwanawe yeye Tunu, kwa kukanyaga na vidole kama anayeogopa kuamsha mtu. Twaha, kaka yake Salumu, alikanyagaga unyayo mzima, pwa, pwa, pwa. Huu ulikuwa mwaka wa pili tangu ateleze kwenye ubao wa lori na gunia limfuate shingoni. Siku nyingine Tunu aliusikia ule unyayo ukija, akachota kikombe cha ziada. Uji ukipoa, aliunywa mwenyewe.

Ilikuwa wiki za kampeni. Mgombea udiwani aliitwa Anwar, miaka thelathini na minne, ngozi laini, maneno mazuri. Alipanda kwenye meza ya mizani akaahidi choo, taa na lami. Leonardi akanyoosha mkono.

"Braza, kabla ya kuja hapa ulikuwa unafanya kazi gani?"

"Nilikuwa katibu wa vijana wa chama, wilaya."

"Na kabla ya hapo?"

"Katibu wa kata."

"Na kabla?"

"Mwenyekiti wa chipukizi, shuleni."

"Na kabla ya chipukizi?"

"Kabla alikuwa tumboni!" akapaza mtu, na soko zima likacheka mpaka wauza mkaa wakaja kuuliza kuna nini.

Kesho yake alasiri Anwar alifika nyumbani kwa Tunu peke yake, viatu mkononi kwa sababu ya tope.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu kigoda."

"Nasikia marehemu alikuwa mbebaji hodari."

"Alikuwa mbebaji."

"Alianzia Kiwalani, kwenye maghala. Nataka useme nilikuwa nabeba naye kule, likizo za shule. Hapa hakuna anayemjua Twaha wa Kiwalani." Akainama. "Wananicheka, mama. Nitawatumikia kwa moyo, lakini hawanipi kura mpaka niwe nimebeba kitu."

Tunu akamjibu kwa fumbo: "Kitendawili."

"Tega."

"Mabega mawili nimezaliwa nayo, la tatu nimelinunua kwa jasho."

Anwar alifikiri, akatoa simu, akairudisha mfukoni. "Nimeshindwa. Nikupe mji?"

"Nipe mji."

"Chukua Mbagala yote!"

"Nimekwenda Mbagala, nimerudi. Jibu ni sugu. Hii inayoota hapa, kisogoni. Ungekuwa nayo ungejua." Akafunga khanga vizuri. "Nikikusemea nataka kitu kimoja, sitaki doti wala sukari. Lumbesa iishe. Salumu asipite alikopita kaka yake."

"Wallahi, kikao cha kwanza."

Siku nne mfululizo alikuja, na Tunu akamfundisha uani kwa gunia lililojazwa nguo kuukuu. "Usilivute kwa mikono, baba. Inama, lije lenyewe. Shingo usiikaze, itavunjika. Usitazame chini, tazama kisogo cha aliye mbele yako." Akamweleza Twaha alivyokohoa kidogo kabla ya kuinuka. Akamweleza alivyopiga kelele kuomba njia. Anwar alishika haraka. Kuiga watu wazima ndiyo kazi aliyoifanya tangu utoto.

Siku ya nne Tunu alikuwa ameinamia vyombo. Nyuma yake mtu akakohoa kidogo, kisha unyayo ukaja juu ya sakafu, pwa, pwa, pwa, na sauti ikasema, "Njia, wazazi!"

"Umerudi?" akasema Tunu, na sahani ikamtoka mkononi.

Akageuka. Anwar alikuwa amesimama na gunia la nguo, anacheka kwa furaha ya kupatia. Mlangoni alisimama Salumu, na yeye hakucheka. Mgeni alipoondoka akauliza, "Mama, unampa mpaka kikohozi chake? Twaha hakumjuaga huyu."

"Nakutafutia mgongo, mwanangu. Nyamaza."

Mkutano wa mwisho, gunia liliwekwa jukwaani, lumbesa kamili, kamba na kila kitu. Anwar akavua koti. Akakohoa, akainama, gunia likaja. Akazunguka jukwaa zima nalo akiita njia, na wanawake wakapiga vigelegele. Tunu, aliyekaa mbele, aliona vumbi la rangi ya dhahabu likimwagikia ukosi wa shati. Pumba za mpunga. Gunia lilikuwa na pumba tupu.

Wakampa Tunu kipaza sauti. Alimtafuta Salumu kwa macho, akamwona nyuma kabisa, shingo imeinama upande kama walivyo wote.

"Huyu," alisema Tunu, "alibeba na marehemu mwanangu."

Kura hazikuwa na mashaka.

Kikao cha kwanza cha madiwani kilipita, na cha pili, lumbesa haikutajwa. Wabebaji wakaandika barua, Leonardi akaipeleka. Kwenye kikao cha tatu Diwani Anwar akasimama. Yaliyosemwa huko hawakuyasikia, lakini wiki iliyofuata alikuja mwenyewe sokoni, wenye mali wawili ubavuni, akasimama mbele ya lori lililokuwa linashushwa.

"Ndugu zangu, ishu ya lumbesa nimeiangalia. Madiwani wenzangu wanaongea kwa vitabu. Mie naongea kwa mgongo. Lumbesa nimeibeba, na haikuniua. Tukipunguza ujazo wa magunia, viazi vitapanda bei, na mama zetu watalia. Tuache uvivu."

"Twaha ilimuua," akasema Leonardi.

Diwani akatikisa kichwa taratibu, kwa huzuni iliyokuwa ya kweli kabisa. "Twaha aliteleza. Wewe hukuwepo Kiwalani. Mie nilikuwa nikimwambia kila siku: ndugu yangu, unabeba vizuri, ila kwenye ubao una haraka. Hakunisikia." Akafuta jicho. "Muulizeni mama, yupo hapo."

Tunu alimtafuta mwongo usoni mwa yule kijana asimwone. Palikuwa na mtu anayekumbuka.

Wakati huo Salumu alikuwa kwenye ubao, lumbesa kisogoni. Alishuka, lakini hakwenda ghalani. Alikuja moja kwa moja mpaka mbele ya sufuria la uji, akasimama. Lumbesa mtu mmoja hawezi kuitua. Leonardi akamwendea ashike upande wa pili. Salumu akarudi nyuma hatua moja.

"Niache," akasema. Kisha, bila kuweza kuinua uso, "Mama. Waambie hakubeba na Twaha. Sitaitua mpaka uwaambie."

Wabebaji wakasimama palepale walipokuwa, wengine na mizigo yao. Mamia ya watu waliokuwa mkutanoni siku ile, nusu yao walikuwa hapa. Wote waliwahi kuisikia sauti ya Tunu ikitoka kwenye spika nne.

"Sema tu ukweli, mama yangu," akasema Diwani kwa upole.

Tunu alisimama. Mwiko ulikuwa mkononi, unadondosha uji kwenye khanga. Alifungua kinywa. Goti la kushoto la Salumu likaanza kutetemeka, kwanza kidogo, kisha mguu mzima.

Mwenye mali mmoja akatazama saa.

"Bi mkubwa, kama ni kusema, sema," alisema. "Kuna lori lingine linangoja hapo nyuma."

Na lile lori likapiga honi.